Ugali wa Kijani na Chumba cha Buluu

Mmeniuliza rangi ipi ni nzuri kuliko zote. Mmekuja wawili, vijana mnaojifunza kazi ya rangi, na simu zenu, mkanionyesha picha za kuta za ng'ambo, kisha mkakaa hapa mkingoja nitaje moja. Jamani! Swali hilo limenishtua. Nimepaka nyumba za watu tangu nikiwa kijana asiye na ndevu mpaka goti likakataa kupanda ngazi, na sijawahi kukutana na rangi nzuri. Nimekutana na rangi iliyokaa mahali pake na rangi iliyopotea njia. Basi kaeni. Simu wekeni chini, zinanitoa kwenye maneno.

Na kabla sijaanza, niwaambie kwamba Kakamega yenu inaniogopesha. Natoka hapa kuelekea sokoni, naona saluni ya zambarau imebanana na duka la simu la kijani kikali, na mbele yake ghorofa nzima imepakwa tangazo la sabuni mpaka kwenye fremu za madirisha. Mwenye nyumba anatembea kifua mbele eti amepakiwa bure. Bure! Wapangaji wake wanaamkia ndani ya sabuni kila siku, halafu nyinyi mnashangaa kwa nini kila jioni kuna ugomvi kwenye ngazi za jengo lile.

Aliyenifunza kazi ni Fundi Sefu, mtu wa Mumias, aliyekuwa na banda lake nyuma ya barabara kuu hapa mjini. Alipaka rangi mwaka baada ya mwaka akiwa amevaa kofia nyeupe, na sikuwahi kuona tone limeiangukia. Mimi nilikuwa nikifungua mkebe tu, rangi iko sikioni. Akiingia nyumba ya kupakwa, kwanza anasema "Asalaam aleikum," hata kama hamna mtu ndani. Kisha anavuta kigoda, anakaa katikati ya chumba mikono mitupu. Asubuhi anakaa, alasiri anarudi anakaa tena. Mwenye nyumba anaanza kununa, anadhani amemwajiri mvivu.

"Natazama jua linaingia vipi," aliniambia. "Chumba kinachopata jua la asubuhi si sawa na kinachopata la jioni. Ukivipa rangi moja, vitakutolea rangi mbili. Usije ukalaumu mkebe."

Siku yangu ya kwanza alinipangia makarai matatu: nyekundu, manjano na buluu. "Hawa ndio wazazi," akasema. "Hawazaliwi na yeyote. Wengine wote ni watoto wao." Akatia nyekundu kwenye manjano, ikatoka rangi ya chungwa. Buluu kwenye manjano, kijani. Nyekundu kwenye buluu, zambarau. Nilicheka kwa raha. Nilidhani nimemaliza shule.

Akanipa kazi: "Haya, manjano hii inang'aa kupita kiasi. Ipunguze makali." Nami, kwa akili zangu, nikachukua nyeusi nikamimina. Si ukitaka kitu kiwe giza unatia giza? Nikakoroga. Wallahi, kama alivyozoea kusema Fundi Sefu, nilitupa kijiti nikaruka nyuma. Manjano yangu ilikuwa imegeuka kijani, kijani cha kinyesi cha bata! Nilikagua karai kama kuna mtu aliyetia buluu nikiwa nimepiga chafya. Fundi Sefu alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Ndipo akanifunza kwamba kila rangi ina hasimu wake anayekaa upande wa pili. Hasimu wa manjano ni zambarau, wa buluu ni chungwa, wa nyekundu ni kijani. Ukitaka kumtuliza mmoja, mwonjeshe tone la hasimu wake. Tone tu, na utie ukikoroga. Lakini ukiwapaka hao mahasimu wawili ukuta mmoja, bega kwa bega, kila mmoja anapiga kelele ili asikike kumshinda mwenzake.

Hili la mahasimu lina faida yake mkilijua. Kulikuwa na mwenye bucha sokoni ambaye mkewe alipenda rangi ya waridi, basi akapaka bucha nzima rangi hiyo. Nyama ikaanza kuonekana ya kijivu. Ilichinjwa asubuhi ileile, lakini wateja waliichungulia, wakasonya, wakavuka kwa jirani. Yule bwana alikuja bandani akiwa karibu kulia, anaamini amerogwa. Fundi Sefu alimpakia kijani kilichopoa nyuma ya kulabu, basi, hakufanya lingine. Nilisimama barabarani siku rangi ilipokauka, nikaona nyama ileile imeiva wekundu mpaka nikaona haya kuitazama. Mwenye bucha alinunua hirizi hata hivyo.

Sasa, mnataka kujua mambo ya rangi na moyo wa mtu. Nyekundu huchemsha damu, hukisogeza chumba kikukaribie. Manjano huchangamsha, ila ikizidi humkera mtu mgonjwa. Kijani hupumzisha macho. Buluu hutuliza, husukuma kuta mbali, na chumba chenye baridi hukizidishia baridi. Nyeusi hushusha dari. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa, hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini nitawaeleza nyumba moja ya Lugari, kwa sababu mpaka leo nikiikumbuka mwili unanisisimka.

Ilikuwa miaka ile ya Uhuru, bendera ikiwa mpya na watu wamelewa furaha. Kila mtu alitaka bendera yake. Tulipaka mageti nyeusi, nyekundu na kijani. Tulipaka baiskeli. Kuna mzee alitupa kazi ya kupaka ghala la mahindi, na mwingine, mimi nikimwona kwa macho haya, alitaka pembe za ng'ombe wake zipakwe. Ng'ombe alikataa. Basi akaja bandani mtu mmoja anaitwa Zakayo, mrefu, amevaa koti la mzungu lililomfupia mikono. Alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu kule Lugari, miaka mingi, ukiacha kipindi alichokwenda kupasua mbao msituni Buyangu. Mzungu aliuza akaenda zake, shamba likakatwa vipande, na kipande chenye nyumba kubwa ya mzungu kikamwangukia Zakayo.

"Fundi," akamwambia Sefu, "mimi nimeingianga hiyo nyumba na mlango ya nyuma, nimebeba kuni. Sasa nataka mtu akiingia na ya mbele, ajue Uhuru imefika. Pakeni sebule yote bendera."

Fundi Sefu alimsihi. Zakayo hakusikia la mtu. Mwishowe Sefu akanitazama akasema, "Nenda wewe, una moyo mgumu." Nikapanda lori la mahindi pamoja na mikebe yangu.

Nikapaka. Dari nyeusi. Kuta nyekundu kutoka juu mpaka kiunoni, chini kijani, na mstari mweupe katikati. Nilipomaliza nikatoka nje kunawa, nikarudi kutazama, na hapo mlangoni nilishtuka nikarudi hatua nyuma. Rangi zilikuwa zinatembea! Pale nyekundu ilipokaribiana na kijani, mstari ulikuwa unacheza, ukiuangalia unakuchoma jicho. Dari nayo ilikuwa imetushukia, nikajikuta nimeinama, ilhali mwenye nyumba ni mrefu kuliko mimi na dari haikumfikia kichwa. Zakayo alisimama katikati akitokwa na machozi, akasema ni ya furaha.

Jambo jingine nililigundua mapema. Mke wake, Mama Fanisi, haingii nyumba ile. Alikuwa mwanamke mtaratibu, amejaa heshima, binti yao Fanisi akisoma huko Mukumu na kulala bweni. Mama huyo alilala nyuma kwenye nyumba za udongo za vibarua, katika ileile waliyokaa wakati wa mzungu. Anapika huko, analeta chakula mpaka kwenye kizingiti, anakupa sahani mkononi, anarudi. Nilimuuliza Zakayo.

"Ni woga ya zamani," akanijibu. "Alikuwa yaya hapa. Bado anafikiri memsabu, bibi ya mzungu, atamfukuza. Ukimaliza rangi ataona hii nyumba ni yetu, ataingia."

Basi Zakayo akafanya karamu ya kubariki nyumba. Watu wa ukoo wake wakaja kutoka kwao, na mkuu wao alikuwa Mzee Nathani, ndugu wa marehemu baba yake. Wakaketishwa sebuleni kwa mstari, macho yote yakiutazama ukuta mwekundu. Sala zikawa ndefu, kisha hotuba, kisha sala nyingine. Niliona watu wanaanza kuvutana. Wawili waliokuja wakicheka pamoja walikuwa tayari wanabishania mpaka wa shamba ambalo hata si lao. Mmoja alilalamika joto, na nje kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta.

Ndipo chakula kikaja. Ingokho, kuku wetu wa mchuzi, na obusuma, yaani ugali, imepakuliwa kwenye sahani nyeupe za bati. Mama Fanisi aliziingiza kwa kuzipitisha mlangoni, mkono kwa mkono, mguu wake haukuvuka kizingiti. Mzee Nathani akapokea yake, akainamisha macho kutoka ukutani mpaka kwenye sahani. Kisha akaiweka chini polepole.

"Zakayo," akasema. "Hii obusuma iko na langi gani?"

Zakayo akatazama yake. Rangi ya uso ilimtoka. Jirani yake akatazama, mwingine akatazama, na minong'ono ikapita chumbani. Kijani. Ugali ulikuwa na ukijani, ule wa mkate ulioota ukungu. Mwanamke mmoja aliinuka akafunika mdomo kwa kitambaa.

"Huyu bibi haingii kwa nyumba," Mzee Nathani akasema, "na chakula yake inakuja kijani. Mnataka nikule? Zakayo, unataka kuniua leo?"

Nawaambia ukweli, nywele zilinisimama. Neno kama hilo, la kutiliana sumu, likishasemwa mbele ya ukoo, halirudi tumboni. Mama Fanisi alikuwa amesimama nje na jagi la maji ya kunawa, amesikia kila kitu, na jagi lilikuwa linamwaga maji miguuni pake bila yeye kujua.

Mimi nilikuwa nimekaa kando ya mlango, mahali pa fundi, nikitazama nje. Ugali wa sahani yangu ulikuwa mweupe. Nikatazama ukuta mwekundu kwa kitambo, nikarudisha macho kwenye sahani, na ugali wangu ukawa kijani mbele yangu! Nilipiga ukelele. Macho yakishiba nyekundu, huchoka. Ukiyageuzia kitu cheupe yanakutolea hasimu wake. Fundi Sefu alikuwa amenieleza, ila sikuwahi kuona jambo hilo likitaka kumtia mtu hatiani.

"Tokeni nje na sahani!" nikasema. "Wote! Tokeni mtazame!"

Wakatoka, wengine kwa hasira. Wakasimama pale barazani wakapepesa macho, na kidogo kidogo wakaanza kupiga vigelegele na kumwita Yesu. Ugali ulikuwa mweupe pe. Mzee Nathani aliugusa kwa kidole. Akaingia nao ndani, akakaa, akatazama ukuta, akatazama sahani, akatoka nao nje mbio. Akaingia tena. Aliingia na kutoka mpaka ugali ukapoa, na kila akitoka alikuwa ananitazama mimi kana kwamba ndimi niliyeumba macho.

Mngedhani yameisha hapo. Hapana. Mzee akishashtushwa mbele za watu, lazima apate mahali pa kuweka ule mshtuko. Alipoketi tena, huko huko barazani, akamwambia Zakayo, "Sawa, chakula ni safi. Lakini nyumba bila mama ni ghala. Pakisha hiyo ukuta rangi ingine vizuri. Ikikauka na huyu bibi bado hataki kuingia, sisi tutakuletea yule atataka." Nikamtazama Zakayo nikitegemea atakataa. Aliangalia chini, akasema, "Ni sawa, baba." Nilishtuka. Na Mama Fanisi alikuwa palepale, akiwamiminia maji mikononi.

Watu walipotawanyika, ila Mzee Nathani aliyebaki kungoja mwisho wa mambo, Zakayo alinivuta pembeni. Alikuwa ameogopa. "Fundi, mimi sitaki bibi mwingine. Niambie rangi ya kuvuta mtu. Ya kutuliza roho."

"Buluu," nikamjibu bila kusita. "Ile nyepesi, ya samawati."

Uso wake ukachangamka. Akanipeleka mwisho wa ujia, akafungua mlango uliokuwa umefungwa tangu mzungu aondoke. Kilikuwa chumba kidogo cha mtoto, chenye samawati safi isiyo na kovu, na dirisha linalotazama uani kwenye nyumba za vibarua. "Wazungu walijua rangi," akasema. "Alikuwa anashinda hapa siku mzima na mtoto yao, na akawa ametulia. Nitolee hii hii."

Kulinganisha rangi iliyokwishakauka ni kazi ya subira, sikilizeni muipate. Usilinganishe mbichi na kavu, maana nyingi hubadilika zikikauka. Bandua kipande kidogo mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango. Changanya, paka kwenye kadi, anika, kisha uweke vyote viwili kwenye mwanga wa dirisha lilelile. Samawati ile ilikuwa na siri: haikuwa buluu na nyeupe peke yake, ilikuwa na chembe ya rangi ya chungwa iliyoipunguzia ukali. Nilipoipata, kipande na kadi vikapotea kimoja ndani ya kingine, nikajipongeza kwa sauti. Nikafunika sebule kwa undakoti nyeupe, nikarudia, maana nyekundu ni kaidi, ukiipaka buluu moja kwa moja inakutokea zambarau chafu. Kisha nikapaka samawati ya yule mzungu ukuta kwa ukuta. Chumba kikapanuka. Nilivuta pumzi ndani yake nikaona nimefanya kazi ya kuonyesha watu.

Zakayo akamwita mkewe. Mama Fanisi alikuja akifuta mikono kwenye leso, akapanda ngazi za mbele, na nadhani alikuwa ameamua kuingia, kwa kuwa alivua viatu. Mzee Nathani alikuwa barazani anatazama. Akafika mlangoni, akainua uso.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alishika mwimo wa mlango, akashuka nao polepole mpaka akakaa chini, na macho hayakutoka ukutani.

"Mumeitoa huko mumeileta hapa," akasema.

Zakayo akacheka cheko la wasiwasi. "Si ni rangi mzuri? Ulikuwanga unatulia huko ndani."

"Nilikuwanga natulia?" Akageuza uso akamtazama. "Baba Fanisi, wewe ulikuwa Buyangu. Selina alishikwa na homa, na huyo mtoto ya memsabu akashikwa siku hiyo hiyo. Nikamwambia memsabu, wangu ni mgonjwa, niko naye peke yangu. Akaniambia hutoki hapa mpaka huyu apoe. Akafunga mlango na nje. Nimekaa kwa hiyo rangi siku mzima nikishika mkono ya mtoto yake, na kwa dirisha naona paa ya nyumba yangu. Naona hakuna moshi. Najua hakuna mtu amemwashia hata moto. Jioni mtoto yake akaomba maziwa, wakanifungulia. Nikakimbia. Selina alikuwa ameshapoa."

Huyo Selina alikuwa mtoto wao wa kwanza. Mimi sikujua kama aliwahi kuwapo. Zakayo alijua kaburi tu. Aliporudi kutoka msituni aliambiwa homa, akaonyeshwa kichuguu cha udongo.

"Hukuniambia," akasema Zakayo.

"Hukuniulizanga. Uliniuliza kitu moja, mbona ulienda kazi na mtoto ni mgonjwa. Kutoka siku hiyo hukutaja jina yake."

Vijana, nilikuwa nimesimama na brashi mkononi inadondosha samawati juu ya kiatu changu. Nilitaka ardhi inimeze mimi na mikebe yangu. Rangi ya kutuliza! Nilikuwa nimeifuata mpaka kwenye chembe ya mwisho, nikaileta mbele ya mama huyu nikiwa na furaha. Nilipomsimulia Fundi Sefu baadaye, alivua kofia yake, nikaona kichwa chake kwa mara ya kwanza, akaishika magotini. Hakuna karai alilokuwa nalo kwa jambo hilo. Tangu hapo, mtu akinipa kazi, nilikuwa namuuliza kwanza ameziona wapi rangi anazozipenda na anazozikataa, na mmoja akinijibu kwa hasira sikumlazimisha. Fanyeni hivyo nanyi, hata mkichekwa.

Lakini asubuhi ya pili yake ndiyo iliyonimaliza. Niliamshwa na nyundo. Zakayo alikuwa sebuleni, amevua lile koti, anapiga plasta. Vipande vya samawati vilikuwa vinaruka mpaka dirishani. Hakunitazama. Aliimaliza sebule, akaenda ujiani, akafungua kile chumba kidogo, akakipiga nacho, ukuta baada ya ukuta, mpaka lile tofali la mzungu likabaki uchi. Mimi fundi, niliyefunzwa kuheshimu plasta, nilimwacha apige.

Mama Fanisi alikuja na karai kichwani. Ulikuwa udongo wa nyuma ya nyumba yake, mwekundu wa kahawia, umekandwa na samadi ya ng'ombe. Akapita sebuleni, akapita ujiani, akaingia kwenye kile chumba kidogo, na mimi nilitambua baadaye sana kwamba ameingia nyumba ile bila yeyote kumwita. Akachota udongo kwa mikono akaanza kuusiriba ukutani, kwa nusu duara, kama wanavyosiriba mama zetu. Udongo haushiki kwenye rangi ya mafuta. Ulishika kwa kuwa ukuta ulikuwa umechunwa.

Na sasa mjue jambo moja, maana nyinyi mmezaliwa kwenye tofali. Kwetu mwanamume hujenga, anafunga miti, anaezeka. Kusiriba ni kwa mwanamke. Mwanamume akionekana na samadi mikononi anasiriba ukuta, atatajwa kwa jina hilo mpaka kwenye matanga yake. Zakayo alipiga magoti kando ya karai, mbele ya Mzee Nathani aliyekuwa amesimama mlangoni, akatumbukiza mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko.

"Zakayo!" Mzee Nathani akasema kwa mshangao. "Unafanya nini?"

"Nionyeshe," akamwambia mkewe. Mama Fanisi akamshika mkono, akausukuma ukutani, akauzungusha. Mzee akachukua fimbo yake akatoka, na habari ya bibi mwingine sikuisikia tena katika nyumba ile.

Walifika mpaka chini ya dirisha. Chumba kilikaribia kuwa cheusi, udongo ukiwa bado na maji, na harufu ya ng'ombe imejaa. Mimi nikajisikia lazima nisaidie kwa kile ninachokijua. Nikamwambia, "Mama, huu udongo hata ukikauka utakuwa na giza. Nikupakie chokaa juu, chumba kipate mwanga?"

"Hapana, fundi," akasema, bila kuacha kusiriba. "Siku hiyo mimi nilikuwa nikiangalia bluu. Mtoto yangu alikuwa amelala peke yake akiangalia hii udongo. Nataka mimi pia niangalie chenye alikuwa anaangalia."

Zakayo akaketi chini sakafuni, mikono imejaa udongo, akainua macho ukutani. "Selina," akasema.